Hakuna Kisiwa Kisicho na Wenyewe

Jamaa zangu wa Maskati, Dubai, London, Mombasa na Unguja, nanyi wasomaji wasio wa ukoo wetu ambao hupita hapa na kusoma: leo sileti nasaba wala picha za kale. Leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni wa nyumbani.

Mnajua kwamba kamati yetu imependekeza safari ya kumbukumbu katika msimu wa kaskazi ujao. Zikodiwe katamarani mbili huko Unguja, watu ishirini na wawili, siku tisa. Tupande mpaka Pemba, tupite visiwa vya upande wa magharibi, kila jioni tutie nanga penye maji ya rangi ya zumaridi, tuogelee, tule samaki, tuwaonyeshe watoto bahari ya babu zao. Pendekezo limekuja na picha, na picha hizo ni za mpwa wangu, ambaye mwaka jana alikwenda huko na rafiki zake wanne kwa chombo cha kukodi. Chini ya picha moja ameandika kwamba walilala kwenye kisiwa kisicho na mwenyewe. Jamaa zaidi ya thelathini wameipigia makofi picha hiyo katika kundi letu la WhatsApp. Mimi sikupiga.

Picha yenyewe ni nzuri, sikatai. Imepigwa kutoka angani kwa droni, na chombo cheupe kinaonekana kimekaa juu ya maji yaliyotulia kama kioo. Lakini mimi nimekuwa karani wa forodha kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi ya karani wa forodha ni kutazama pembeni mwa karatasi, pale ambapo mwenye mzigo hapendi utazame. Nikaikuza picha ile. Chini ya chombo maji si ya rangi moja. Upande wa nchi kavu pana weupe wa mchanga. Upande wa bahari pana madoa ya hudhurungi na meusi, na chombo kimekaa juu ya madoa. Madoa hayo ni matumbawe. Kutoka omo ya chombo umeshuka mnyororo, na ubavuni mwa mnyororo pana mstari mweupe uliopinda kama mundu. Mstari ule si mchanga. Ni matumbawe yaliyovunjwa usiku ule, maji yalipogeuka na chombo kikageuka nayo.

Na kwenye pembe ya picha, nusu yake imekatwa, pana ngarawa yenye watu wawili.

Nilimwuliza mpwa wangu watu wale ni nani. Akanijibu, "Wavuvi, Mjomba. Walikuja asubuhi wakipiga kelele, tukawapa soda wakaenda zao." Sikuridhika. Nikampigia simu jamaa yetu wa Wete, akaulizia, na jibu likarudi baada ya siku mbili. Wale wawili walikuja kuomba chombo kisogezwe kwa kuwa kilikuwa juu ya madema yao. Hawakusikilizwa, kwa sababu waliokuwamo chomboni walikuwa na muziki na walidhani kila mtu mwenye ngarawa ni mwombaji. Madema mawili hayakuonekana tena. Kwa vijana wetu waliozaliwa Ghuba na Ulaya niseme kwamba dema ni mtego wa samaki unaosukwa kwa mikono, kazi ya siku kadhaa, na mwenye madema manne akipotelewa na mawili amepotelewa na nusu ya mtaji wake. Soda mbili hazilipi.

Sasa niingie katika neno hilo, "kisiwa kisicho na mwenyewe", maana ndilo lililonitoa kitandani.

Yaani kisiwa hakina nyumba, hakina gati, hakina bango. Basi hakina mwenyewe. Huu ni umbumbumbu, na haumpendezi mtu anayejiita mjukuu wa nahodha. Visiwa vya pwani yetu visivyo na vijiji vina dago. Wavuvi huja kwa msimu, hujenga vibanda vya makuti, huanika samaki, hukaa wiki au miezi, kisha hurudi makwao. Watu wa Kojani, mashariki ya Pemba, wanajulikana pwani nzima kwa kazi hiyo. Utawakuta dago kutoka Kenya mpaka Mafia. Ukifika kisiwani siku ambayo dago limehamishwa utaona mchanga mtupu, magogo matatu ya kuni yaliyoungua na kisima kifupi kilichofunikwa kwa jani la mnazi, nawe utasema hapana mtu. Ni kama mtu aingie msikitini baina ya sala mbili, akaona mikeka imelazwa na hapana anayesali, akafikiri jengo ni la bure.

Misali nayo ni hivyo hivyo. Kisiwa hiki kilicho magharibi ya Chake Chake hakina kijiji hata kimoja, lakini wavuvi wa vijiji vingi vya Pemba wanakula kwa miamba yake. Kina mapango wanayoyaheshimu wenyeji, na kina fukwe za kutagia kasa. Husimuliwa kwamba Nabii Khidhr alifika hapo akaomba mswala, na alipokosa akakifanya kisiwa chenyewe mswala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla; ndiyo asili ya jina. Mwaka 1998 kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na mashekhe walikaa pamoja na wavuvi wakijadiliana kwa hoja za dini juu ya wajibu wa kuitunza bahari. Kisiwa kimetajwa katika kisa cha nabii, kimewekewa sheria na serikali, kimesomewa na mashekhe, na bado atakuja kijana na droni aseme hakina mwenyewe?

Na wala jambo hili si geni kwetu sisi tuishio Omani. Nani miongoni mwenu hajui visiwa vya Daymaniyat? Havina mkaazi hata mmoja. Tangu 1996 ni hifadhi. Huendi ila kwa kibali, na miezi ya kutaga kasa ni marufuku kutua nchi kavu. Mpwa wangu huyu huyu amekwenda Daymaniyat mara tatu, na mara zote tatu alichukua kibali, alilipa, na alinisifia namna mambo yalivyopangwa. Au tazameni falaj. Falaj Daris ya Nizwa inapita wazi, mtu yeyote anaweza kutumbukiza mguu, hapana mlinzi wala ukuta. Lakini kila saa ya maji yale ina mwenyewe aliyeandikwa, na mgeni akileta gari lake aliogeshe humo watu wataondoka vibarazani. Hapa tuna adabu. Tukipanda ndege saa tano na ushei kuelekea kusini, adabu inabaki kwenye kiwanja cha ndege pamoja na kanzu. Kwa nini? Nina jawabu langu, nalo si la kufurahisha: tunaogopa sheria za matajiri, na za maskini tunazihesabu kuwa ni kelele.

Nije kwenye nanga yenyewe.

Chombo cha kukodi cha mita 13 hutumia mnyororo wa chuma wa milimita 10, na kila mita ya mnyororo huo ina uzito wa kilo 2 na zaidi. Penye kina cha mita 15, wenye vyombo hivi hulaza mnyororo mara nne ya kina, yaani mita 60. Hizo ni kilo 130 za chuma, mbali ya nanga. Chombo hakisimami mahali pamoja. Hukizunguka kituo chake kwa upepo na kwa mkondo, na pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na siku za bamvua tofauti ya maji makuu na maji madogo hufika karibu mita 4. Duara ambalo chombo hicho kinaweza kulizunguka, mnyororo ukinyooka, lina ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 10,000, kiasi cha ekari mbili na nusu. Sisemi kwamba mnyororo hufagia ekari zote mbili na nusu. Hewa ikiwa tulivu uzito wa mnyororo wenyewe hukishika chombo, na kinachoburutwa ni sehemu tu. Lakini hata sehemu hiyo, ikiwa chini ni mchanga, hapana neno. Ikiwa chini ni matumbawe, ni sawa na kupitisha pipa la lami juu ya bustani usiku kucha na mwenye kupitisha amelala.

Na bustani hiyo si ya mchicha. Yale matumbawe makubwa ya mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka. Jabali lenye kimo cha mtu mzima lilianza kukua zama za Sayyid Majid. Limestahimili dhoruba zote za tangu hapo. Limestahimili joto la 1998, ambalo liliyageuza meupe na kuyaua matumbawe mengi ya pwani yetu, na joto la 2016, na la 2024. Kisha linafikiwa na watu watano wenye kutaka kula chakula cha jioni penye mandhari nzuri.

Mimi si baharia. Wale wanaonikumbuka utotoni watakuambieni kwamba kila nilipopanda chombo kutoka Wete kwenda Unguja nilishikwa na kigegezi kabla hatujaupita mlango wa mwamba, na babu alikuwa akinilaza karibu na tezi ili nisiwachafulie abiria. Ninayoyajua kuhusu nanga nimeyapata katika daftari lake. Daftari hilo ninalo, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu na lugha ya Kiswahili, wino umepauka lakini unasomeka. Sehemu ya kwanza ni hesabu za mizigo ya miaka ya 1930: karafuu, nazi, boriti, abiria. Sehemu ya pili ni vituo. Kila kituo kina jina, na jina ni la wenyeji, si la kubuni. Kina alama ya nchi kavu ya kulenga, mbuyu au mnara wa msikiti. Kina kina chake kwa pima. Kisha kuna neno moja la kueleza chini pana nini: mchanga, tope, nyasi. Na penye vituo saba ameandika: mwamba, usitie.

Zamani nilidhani babu alikuwa mpenzi wa matumbawe. Ni upuuzi, na nimeufuta moyoni. Babu alikuwa mfanyabiashara, na matumbawe kwake yalikuwa adui. Hakuandika "usitie" kwa huruma. Aliandika kwa sababu amari yake ilikuwa ya kamba ya makumbi, na kamba ya makumbi ikisuguliwa juu ya mwamba usiku mmoja hukatika, na nanga ikabaki chini, na chombo kikaamkia ufukweni kimepasuka mbavu. Kwa hiyo alitafuta mchanga. Aliingia milango ya miamba jua likiwa juu, baina ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wala hakuingia jua likiwa usoni, ili auone mwamba kwa rangi ya maji. Na mtu alisimama omo akitia bildi na kuita. Aghalabu aliingia ndani kabisa, maji yakipwa chombo kikakaa juu ya mchanga au tope na watu wakashuka kwa miguu.

Ni hofu iliyoulinda mwamba. Mnyororo wa chuma umeiondoa hofu hiyo, maana chuma hakikatiki juu ya matumbawe. Matumbawe ndiyo hukatika. Nahodha wa leo hana sababu ya woga ya kutafuta mchanga, na asiye na woga inambidi awe na elimu na haya. Ndiyo maana siwezi kukubali maneno ya wale wanaoniambia kwamba tunafanya tu walivyofanya wazee. Wazee hawakufanya hivi. Hawakuweza, na waliokuwa wanaweza kwa kubahatisha walilipa kwa vyombo vyao.

Na sasa hoja ambayo imesemwa mara nyingi zaidi katika kundi letu, na ambayo inanichoma zaidi: kwamba sisi si watalii. Kwamba hii ni bahari ya babu zetu. Mmoja wenu amemtaja hata Ahmad bin Majid, kwamba alitunga urjuza nzima kuhusu njia ya kwenda Sofala, na kwamba watu wenye historia hiyo hawahitaji kubisha hodi Pemba. Bin Majid, Mungu amrehemu, aliandika juu ya nyota, pepo, milango na mafungu ili watu wasizame. Hakutuandikia hatimiliki.

Nifungue daftari la babu tena, ukurasa wa mgao. Baada ya kutoa gharama za chakula na matengenezo, nusu ya pato ilikuwa ya chombo, na nusu ya pili iligawiwa wana maji. Jina la babu limeandikwa na baba yake, na babu yake, na nisba ya kabila. Chini yake wameandikwa wana maji tisa. Kila mmoja ana jina moja tu: majina ya vito, majina ya siku, majina ya kheri na baraka. Hawana baba katika karatasi ile. Mwenye kujua pwani yetu anajua majina ya namna hiyo walikuwa wakipewa akina nani. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Hesabu hizi ni za miaka ya 1930. Kwa hiyo wale walikuwa wana na wajukuu wa waliokuwa watumwa, nao ndio waliopandisha foromali, waliofutua ngama, waliopiga mbizi usiku kuinasua nanga pale babu alipokosea, maana alikosea pia. Nahodha alishika usukani. Bahari waliishika wao.

Nasaba niliyoichapisha hapa mwaka juzi, ambayo nyote mliisifu, inafika vizazi tisa nyuma. Sikumwandika hata mwana maji mmoja. Nilikuwa na daftari mkononi, nilikuwa na majina yao tisa, na nikayaruka kwa sababu hayakuwa "ya ukoo". Karani wa forodha aliyeona mzigo na asiuandike ana jina lake, nalo mnalijua.

Basi kama kuna watu wenye haki ya kusema "hii ni bahari ya babu zetu", nadhani wamo ndani ya ile ngarawa iliyokatwa nusu kwenye picha. Sina ithibati kwamba wale wawili ni wajukuu wa wale tisa. Lakini sina ithibati pia kwamba si wao, na mpwa wangu hakuuliza majina.

Najua mtakayonijibu, maana mengine mmekwisha kuyaandika. Mtasema wavuvi wenyewe ndio waharibifu wakubwa: baruti, juya, na kile kigumi, ambapo watu hupiga mwamba kwa miti ili samaki wakimbilie wavuni. Ni kweli. Baruti imeitesa pwani ya Tanzania kwa miongo mingi, na bomu moja hufanya kwa dakika moja ambayo mnyororo hauyafanyi kwa mwezi. Hata nanga ya ngarawa hutiwa juu ya matumbawe. Lakini tangu lini kosa la mtu mwenye njaa likawa kibali cha mtu aliyeshiba? Na jueni kwamba katika baadhi ya vijiji vya Pemba na Unguja watu hao hao wa kulaumiwa huufunga mwamba wao wa pweza kwa miezi mitatu, kwa hiari yao, mwanakijiji asiguse, ili pweza wakue; kisha siku ya kuufungua hukusanyika wake kwa waume. Je, mnajua mwamba upi umefungwa mwezi upi? Nahodha wa katamarani ya kukodi anajua? Hawezi kujua ila kwa kumwuliza sheha, na kumwuliza sheha hakumo katika ratiba yenu. Kunako mashamba ya mwani ni vivyo hivyo: vigingi na kamba za wanawake, ambavyo maji yakijaa havionekani, na chombo kikipita juu yake kimepita juu ya ada ya skuli ya mtoto wa mtu.

Mtasema pia kwamba safari kama hizi zinaleta riziki. Hapa nimo katika fani yangu. Kamati imenitumia hesabu ya safari niikague. Ina mistari kumi na tisa. Kodi ya vyombo, ambayo ndiyo kubwa, inakwenda kwa kampuni yenye ofisi nje ya nchi. Mafuta. Mpishi. Barafu. Vifaa vya kuzamia. Intaneti ya baharini. Fulana ishirini na mbili zenye nembo ya ukoo. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na rula. Hakuna mstari wa kijiji, wala wa ada ya hifadhi, wala wa mwongozaji wa Pemba. Riziki hiyo inayoletwa, inaletwa kwa nani?

Na hilo la mafuta nalo lina kichekesho chake. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki. Pemba iko kaskazini mashariki ya Unguja, na kutoka Nungwi mpaka ncha ya kusini ya Pemba ni kiasi cha kilomita 50 za bahari iliyo wazi. Mtakwenda upepo ukiwa usoni. Babu alipenda kwenda Pemba kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Alipolazimika kinyume alibisha siku nzima na kuotea upepo wa nchi kavu wa alfajiri. Nyinyi hamtabisha. Mtakunja tanga na kuwasha injini mbili, na watoto wataonyeshwa bahari ya babu zao kwa harufu ya dizeli. Mimi sina uadui na injini, kwa tumbo langu lile ningeipenda. Ila tusiite kumbukumbu.

Sipingi safari. Napinga safari hii. Zipo mashua na majahazi Unguja na Pemba, na manahodha wanaoyajua majina ya vituo bila kutazama skrini. Tukodi kwao. Tulale nchi kavu, Wete na Mkoani, katika nyumba za wageni za watu wa huko, na visiwani twende mchana na turudi. Kila kisiwa tumtangulizie salamu sheha wake na tumwulize pa kutia na pasipotiwa. Misali twende kwa utaratibu wa hifadhi na tulipe ada. Penye boya tufunge boya. Pasipo na boya mtu azame kwanza kwa miwani aone chini pana nini, na pakiwa pana mwamba tuondoke, hata kama machweo ni mazuri. Chumbe, karibu kabisa na mji wa Unguja, wageni wanapokewa chini ya masharti makali zaidi ya haya tangu miaka ya 1990, na sijasikia aliyekufa kwa kunyimwa kutia nanga.

Fauka ya hayo, nataka tubebe nakala ya ule ukurasa wa mgao. Tuuweke mbele ya wazee wa Wete, tuwasomee majina tisa, tuulize. Huenda tusipate hata mmoja. Huenda tukapata mlango ambao tutapaswa kuubisha tukiwa tumeinamisha vichwa, na huenda mwenye mlango asitufungulie. Hiyo pia ni haki yake.

Mpwa wangu amesoma rasimu ya makala haya kabla yenu, kwa kuwa sikutaka ayakute hadharani. Alinyamaza siku tatu. Jana amenipigia akaniambia, "Mjomba, dema moja ni shilingi ngapi?" Nimemwambia sijui, na kwamba mwenye kujua ni yule aliyelisuka, na kwamba namba ya simu ya jamaa yetu wa Wete anayo. Huyo ndiye kijana wangu, na ndiyo maana nimemkemea mbele za watu.

Mkutano wa kamati ni Ijumaa baada ya sala ya Isha, nyumbani kwa dada yangu. Kura yangu mnaijua. Nitakuja na daftari. Na yule mwenye kushika mfuko wa fulana aje na mfuko wake, kwa sababu nitapendekeza malipo ya madema mawili yatoke humo kabla ya fulana ya kwanza kushonwa.

Wassalaam.